Barua ya rapeli haitafika Kolwezi: soma shasi ya motokari yako

Siku moja ya yenga, mwezi wa tano wa 2024, mutoto wa dada yangu mwenye anaishi Marseille kule Ufaransa alinipigia simu. Kawaida anaanza kuuliza mama yake, anapita kwa nkambo, kisha anafika kwa mambo ya feza. Siku ile alirukia hapo hapo:

— Mujomba, ile Corolla yako ni ya mwaka gani?

— Ya 2003. Juu ya nini?

Akanyamaza kidogo. Kisha akanisomea barua yenye alipokea kutoka kampuni ya Citroën. Yeye iko na C3 ya 2011, ndogo, nyekundu, anaipenda sana. Barua ilimuambia asiendeshe tena ile motokari. Haikusema aende polepole, haikusema angoje mwisho wa mwezi. Ilisema aisimamishe, aandikishe jina, angoje zamu yake ya kutengenezewa bure.

Nilicheka. Nikamuambia: "Hayo ni mambo ya Ulaya. Hapa kwetu motokari ikikohoa tunaibadilishia mafuta, inaendelea." Hakucheka. Akasema: "Mujomba, erbagi ya C3 yangu na erbagi ya Corolla yako, inaweza kuwa fabriki ni moja. Soma shasi yako."

Ninaandika juu ya ile simu na juu ya vitu vyenye vilifuata. Kwa sababu ukisimama asubuhi ku parkingi ya mugodi wetu, hapa Kolwezi, wakati ekipe ya usiku inatoka na ya muchana inaingia, unaona nini? Corolla, Vitz, RAV4, Ipsum, Noah. Karibu zote zina volan ku kuume, zote zimetoka Japani, na nyingi zimepita miaka kumi na tano. Hakuna hata mwenyeji mumoja mwenye amewahi kupata barua.

Ile dawa sisi tunaijua

Erbagi ni mufuko wa kitambaa wenye kukunjwa ndani ya volan, na mwingine ndani ya tablo, mbele ya mwenye kukaa pembeni ya dereva. Motokari ikigonga kwa nguvu, umeme kidogo unawasha dawa yenye iko ndani ya kikopo cha chuma. Dawa inaungua, inatoa gazi, mufuko unajaa mbele haujafumba jicho. Kichwa chako kinaangukia mufuko, hakigongi volan. Ni kitu kizuri. Kimeokoa watu wengi, na sitaki mutu asome makala hii kisha ashike tournevisi aende kuitosha. Nitarudia hapo.

Shida ni dawa yenyewe. Fabriki moja ya Japani, jina lake Takata, yenye ilikuwa inauzishia erbagi karibu kampuni zote kubwa, ilichagua kutumia nitrati ya amoniumu.

Wenye wanatumika ku kariere wameshaelewa. Ndiyo, ile ile. Zile mbegu nyeupe zenye zinatufikia mu masaki makubwa, tunazichanganya na mazutu, sehemu 94 kwa 6, tunazimwanga mu mashimo, na saa ya kulipua sirene inalia, barabara zinafungwa, kila mutu anaenda mbali. Takata waliigandamiza ikawa vidonge, wakaitia mu kikopo mbele ya kifua cha dereva. Hakuna sirene.

Kila mutu mwenye ametumika pamoja na wapiga baruti anajua adui wa nitrati ni maji. Inakunywa unyevu wa hewa sawa chumvi. Njo maana depo inachungwa, masaki hayalali chini, na shimo lenye maji linapewa baruti ya namna ingine. Ku kariere, nitrati ikilowana, shimo linakataa. Unapata mawe makubwa, na shefu anakasirika. Mu erbagi mambo yanageuka. Vidonge vinapata unyevu kidogo kidogo. Muchana vinapata moto, usiku baridi, kesho tena moto, miaka kumi, miaka kumi na tano. Vinapoteza nguvu ya kushikamana, vinaanza kuwa unga. Na mama yeyote mwenye anapika na makala anaelewa: kipande kikubwa kinaungua polepole, unga unawaka mara moja. Siku motokari inagonga, dawa yote inawaka kwa mupigo mumoja. Kikopo hakivumilii. Kinapasuka, na vipande vya chuma vinatoboa mufuko, vinaingia mu shingo na mu uso. Mutu anakufa mu ajali ndogo, yenye ingemuachia alama ya mukanda tu.

Mu vikopo vile vyenye kuleta shida, Takata hawakutia hata kitu cha kukausha unyevu. Munajua vile vifuko vidogo vyenye tunapata mu sanduku ya viatu vipya? Kitu cha namna ile ndicho kilikosekana.

Honda ilianza kuita motokari zirudi mu 2008. Mwaka wenye ulifuata, kijana mumoja alikufa kule Oklahoma, Marekani. Mu 2014, mama mwenye mimba alikufa Malesia, inchi ya joto na mvua. Kisha hesabu ikapanda mupaka ikashinda akili: Marekani peke yake vikopo karibu milioni 67, dunia nzima karibu milioni 100. Hakuna rapeli ya motokari yenye ilifika ukubwa ule mbele. Mu 2017, Takata ilikubali kosa mbele ya haki ya Marekani, ikakubali kulipa dola miliari moja, na mwezi wa sita wa mwaka ule ule ikafilisika. Kosa lilikuwa nini? Walibadilisha matokeo ya majaribio mbele ya kuyaonyesha wateja wao. Mimi ni delege wa sendika, nimesoma ripoti mingi za usalama mu maisha yangu, na fasi ile ya habari niliisoma mara mbili.

Mutu ataniambia: haya ni ya zamani, yameisha. Mwezi wa kwanza wa 2024, Toyota kule Marekani iliambia wenye Corolla za 2003 na 2004, na RAV4 za 2004 na 2005, zenye zilikuwa hazijatengenezwa bado, wasiziendeshe tena. Zilikuwa karibu elfu 50. Miaka 20 kisha kutoka fabriki! Na hapo njo kuna jambo lenye watu hawaelewi upesi. Kwa vitu vingine, motokari ikiwa muzee, hatari yake unaisikia: breki inalia, amortiseri inagonga. Erbagi ya Takata inazeeka kimya. Kadiri inakaa, njo inaharibika zaidi. Motokari yenye ilikuwa salama mu 2008 inaweza kuwa mubaya leo, bila mutu kuigusa.

Na asiniambie mutu kwamba Katanga si fasi ya joto. Ufaransa, watu wengi wenye walikufa na erbagi hizi walikuwa wa majimbo yao ya ng'ambo: Guadeloupe, Réunion, Guyane, fasi za jua na unyevu. Citroën ilianza kusimamisha C3 za upande wa kusini, kwa sababu ya joto. Lakini mwezi wa sita wa 2025 mama mumoja alikufa Reims, fasi ya baridi, na serikali ikaamuru C3 na DS3 zote zenye zilihusika, mu inchi nzima, zisimame. Sisi tuko na mvua kuanzia mwezi wa kumi na moja mupaka wa ine. Tuko na jua la mwezi wa kumi. Na motokari ya mutumishi inashinda masaa kumi na mbili ku parkingi, vioo vimefungwa juu ya wezi. Tia mukono juu ya tablo saa munane ya muchana, utaniambia.

Barua inafuata adresi

Rapeli ni nini? Kampuni yenye ilitengeneza motokari inavumbua kosa la hatari, inaita zile motokari zirudi, inatosha kitu kibaya, inatia kizuri, mwenye motokari halipi. Inajulikana kwa namba ya shasi. Shasi ikiwa ndani ya liste, motokari iko ndani ya rapeli, hata kama imeuzishwa mara tano, hata kama imevuka bahari.

Lakini barua haifuati shasi. Barua inafuata adresi. Corolla yangu ilikuwa na mwenyeji kule Japani. Akaiuzisha. Ikapanda mashua, ikashuka Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikavuka Zambia yote, ikaingia kwetu Kasumbalesa. Mimi niliinunua Lubumbashi mu 2016, na feza ya prime ya miaka kumi ya kazi. Kama barua ilitumwa, iko mu sanduku ya mutu mwenye aliishasahau ile motokari.

Inchi zenye zilitaka kumaliza jambo hili hazikungoja barua. Australia, mu 2018, ililazimisha kampuni kwa sheria: motokari karibu milioni tatu, na mwisho ulikuwa siku ya mwisho ya 2020. Japani, kuanzia mwezi wa tano wa 2018, motokari yenye erbagi ya hatari yenye haijabadilishwa haipite kontroli ya ufundi. Na bila kontroli, kule huwezi kutembea barabarani. Ndiyo kusema motokari zenye zilibakia Japani zilisukumwa mupaka garaji. Zenye zilikuwa zimetoka mbele ya pale, sawa yangu, hazikusukumwa na mutu.

Basi kisha ile simu nilifungua kapo. Namba ya shasi ya Corolla yangu imechongwa mu chuma chenye kinatenga injini na fasi ya kukaa, na iko tena mu karti roze. Motokari za Japani hazina namba ndefu ya herufi 17 sawa zile za Ulaya. Ziko na namba fupi: kwanza kodi ya modeli, yangu ni NZE121, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Nilichunga jambo moja: nilisoma ku chuma mbele ya kusoma ku karatasi, kwa sababu nimeona karti roze mingi zenye tarakimu moja imegeuka. Tarakimu moja ikigeuka, unaangalia motokari ya mutu mwingine.

Binti yangu, iko mu sekondari, ndiye alitafuta ku simu. Toyota ya Japani iko na tovuti yenye unaandika kodi na namba, inakujibu. Iko kwa Kijapani, lakini simu inatafsiri. Ilichukua dakika tano. Matokeo yalikuwa mafupi: erbagi, rapeli iko, haijafanywa.

Binti yangu alisoma, akaangalia kiti cha mbele, cha kushoto. Kila asubuhi ya masomo, kama siko ku kazi, ninamupeleka. Anakaa pale. Kwa sababu ni mukubwa, ndugu zake wadogo wanakaa nyuma, na yeye anachagua muziki. Hakusema kitu. Hata mimi sikusema kitu.

Muke wangu ndiye alisema. Alichukua ufunguo, akautia mu sanduku yake ya vitenge, akafunga. "Mutapanda bisi," akasema. Nilipanda bisi ya watumishi wiki saba. Wenye wananijua ku kazi waliona namna delege alikuwa anangoja saa kumi na moja ya asubuhi ku kona, na kofia yake, sawa kijana wa stage.

"Hii motokari hatukuuzisha sisi"

Nilienda Lubumbashi, kilometa karibu 300, kwa garaji yenye inawakilisha kampuni. Sitaitaja. Mama wa mapokezi alikuwa na adabu:

— Papa, hii motokari hatukuuzisha sisi. Imetoka Japani, iko na volan ku kuume. Sisi tunatunza zenye tuliuzisha.

— Mama, dawa yenye iko ndani haijui nani aliiuzisha.

— Ninaelewa, papa. Lakini namna ya kuiandika mu mashini yetu haiko.

Nilirudia Kolwezi na hasira. Ningebakia na hasira tu, kama si kamaradi mumoja wa sendika, mwenye kuchunga stoki, muzee wa kazi. Aliniambia: "Wewe uliingia sawa mukliya. Ingia sawa sendika." Alikuwa na haki. Mutu mumoja na Corolla moja, wanamuambia haiwezekani, anarudia. Tukatia karatasi ku mulango wa biro ya sendika: kila mwenye Toyota alete shasi, si kopi ya karti roze, shasi yenyewe, yenye kusomwa ku chuma. Mu siku kumi tulipata namba 31. Watoto wetu wakaangalia moja moja. Ine zilikuwa ndani ya rapeli ya erbagi, hazijafanywa. Zingine, ao hazikuhusika, ao zilikuwa zimetengenezwa Japani mbele ya kutoka. Ninasema hii kwa nguvu, kwa sababu nilipoanza kuongea, wengine walianza kuogopa kila Toyota. Si kila Toyota iko na Takata, na si kila Takata ni ya hatari. Namba njo inasema.

Na pia haiko Toyota peke yake. Nissan, Mazda, Mitsubishi, Subaru, Honda, BMW, Mercedes, Ford, wote walinunua kwa Takata. Mwenye iko na yao afanye vile vile kwa tovuti ya kampuni yake.

Tuliandika barua na zile shasi ine, kila moja na mwaka wake na matokeo yenye tulipata, na mukuri wa sendika chini. Tukaomba kitu kimoja tu: jibu kwa maandiko. Safari hii nilipokelewa na shefu wa atelye. Mutu wa kazi, mikono nyeusi ya mafuta. Alisoma, akauliza kama nilisoma namba mimi mwenyewe, akafungua kompyuta. Akasema piesi inaombwa kwa namba ya shasi, haiko mu stoki, itachukua wakati, na hawezi kuniahidi tarehe. Lakini ataiomba. Kwa nini mara ya kwanza ilikuwa haiwezekani na mara ya pili ikawezekana, sikumuuliza. Nilikuwa ninataka piesi.

Wiki sita kisha, simu. Nikateremuka na Corolla ikiwa juu ya kamyo ya kamaradi mwenye alikuwa anaenda kuchukua saruji, sikuitembeza barabarani. Kazi yenyewe haikufika saa mbili, pande zote mbili. Walitosha betri kwanza, wakangoja, kisha wakafungua volan. Fundi alinionyesha kikopo cha zamani: cha mviringo, kinaenea mu kiganja, kizito. Nilitaka kukishika. Alikataa, akakitia mu sanduku yake. Sikulipa piesi, sikulipa kazi. Walinipa karatasi yenye shasi, tarehe na kazi yenye ilifanyika. Ile karatasi iko pamoja na karti roze, na siku nitauzisha Corolla, itaenda pamoja nayo.

Kwa wenye wangali wanangoja, ao wenye watavumbua kesho. Kama kampuni imesema motokari ya namna yako isitembee, isimamishe, hata kama ni uchungu. Ninajua bei ya taksi. Kama imesema tu uilete, na huna njia ingine, basi mutu asikae kiti cha mbele cha pembeni kama erbagi ya upande ule njo inahusika, watoto wote nyuma, na wewe sukuma kiti chako mupaka kati ya kifua na volan kubakie sentimita 25 hivi. Funga mukanda kila mara.

Sasa juu ya tournevisi. Kuna mekanisiye wetu wa barabarani, watu wa akili sana, mimi mwenyewe ninawapelekea breki na klachi. Lakini erbagi, hapana. Ni dawa ya kulipuka. Ku kazi hatuachi mutu bila ruhusa ashike detonateri, na nyumbani unamuachia kijana afungue volan chini ya muembe? Mekanisiye mwingine atakuambia ataleta erbagi ingine kutoka motokari ya kukatwa-katwa, bei nzuri. Ile ingine nani anajua imekaa miaka ngapi mu jua? Inaweza kuwa Takata ya hatari vile vile. Na angalia taa ya erbagi ku tablo: ukiwasha, inapaswa kuonekana sekunde chache, kisha inazima. Ikibakia, kuna shida. Isipoonekana kabisa, wengine wamekata waya ao wametosha ampuli, ili uinunue bila kuuliza.

Njia ya kazi ni kazi

Kwa mukutano wa komite ya usalama na usafi ku kampuni, nililetea jambo hili. Mukubwa wa usalama alinijibu kwa upole kwamba motokari za watumishi ni vitu vyao. Kampuni inachunga zake. Na ni kweli, zake inazichunga: Land Cruiser zote ziko na karatasi za ukaguzi, gyrofari, bendera, mikanda.

Nilimuuliza tu: mutumishi akifa ku barabara asubuhi, akitoka nyumbani kuja ku kazi, tunaandika nini? Alijua jibu. Sheria ya usalama wa jamii ya 2016 inahesabu ajali ya njia ya kwenda na kutoka kazini kuwa ajali ya kazi. Karatasi inaandikwa, CNSS inaarifiwa, mujane anaanza kutembea na dosie. Kama njia ni kazi siku ya kifo, iwe kazi hata mbele ya kifo.

Hatukupata kila kitu. Tuliomba kampuni iandikie wawakilishi wa motokari kwa jina lake. Hilo bado tunangoja. Lakini tulipata dakika kumi za kikao cha usalama cha asubuhi, kwa kila ekipe, juma moja. Mimi niliongea na ekipe ya kariere, na sikuwa na kazi mingi ya kufasiria. Niliinua mukono na mbegu chache za nitrati ndani ya chupa ya plastiki, nikasema hii iko mu volan. Wakanyamaza. Kisha mumoja, mupiga baruti wa zamani, akauliza: "Imelowana?" Nikamuambia ndiyo, mukubwa, miaka ishirini.

Kutoka pale namba zimekuja zingine, zimepita mia moja. Zile ine za kwanza: yangu imetengenezwa, ya mama mumoja wa laboratware pia, ya tatu ingali inangoja piesi ya upande wa kushoto na imesimama chini ya bashi.

Ya ine iliuzishwa.

Mwenyewe ni kamaradi, ninamujua, watoto watano. Alijua matokeo, binti yangu ndiye aliangalia namba yake. Alikuwa na feza ya masomo ya kulipa na motokari yenye hakuweza kuendesha. Akaipeleka ku soko ya motokari siku ya posho, akaipa kijana mwenye alitaka kuanza taksi. Hakumuambia. Alikuja kuniambia mimi, wiki mbili kisha, usiku, na hakukaa ku kiti. Nilimutukana, kisha nikajuta, kisha nikamutukana tena. Tumeenda pamoja ku soko mara tatu. Kijana hakuacha namba ya simu yenye inaingia.

Ni Corolla ya 2004, rangi ya feza, kioo kidogo cha kushoto kimefungwa na skoci nyeusi, na nyuma kuna autokolan ya timu ya mpira yenye imetoka nusu. Iliuzishwa Kolwezi mu mwezi wa tatu. Inaweza kuwa imepakwa rangi ya taksi sasa. Mwenye anaiendesha, ao mwenye anaipanda kila asubuhi ku kiti cha mbele, apite ku biro ya sendika. Shasi yake tuko nayo, piesi yake imeisha kuombwa, na hakuna mutu atamuuliza feza.